Ntoto Ilitangulia

Mmeshasikia hoja ya wapinzani: Walikale na Masisi, mashariki mwa Kongo, zilitulia mpaka wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma Julai 1994. Kweli, silaha zilizokuwa makambini ziliongeza balaa. Lakini tazameni tarehe. Soko la Ntoto, Walikale, lilishambuliwa na wanamgambo wa Kinyanga na Kihunde tarehe 20 Machi 1993, wakimbizi hao wakiwa bado kwao. Walioandamwa ni Wahutu Banyarwanda, yaani wakazi wa huko wenye asili ya Rwanda. Kufikia Mei, kwa makadirio ya Madaktari Wasio na Mipaka, watu kati ya 6,000 na 15,000 walikuwa wamekufa, na 250,000 wamehama makwao. Hata ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 kuhusu uhalifu wa Kongo inaanza kuhesabu Machi 1993.

Hoja ya pili: ni chuki ya mababu. Ajabu ni kwamba anayesema hivi ndiye aliyetuambia sasa hivi kwamba kulikuwa na utulivu. Achague moja. Sikatai kwamba Masisi ilipigana miaka ya 1960. Ila baadaye watu waliuziana maharagwe na kuoana. Kilichobadilika ni karatasi. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi wakakaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaufuta. Aprili 1990 Rais Mobutu akaruhusu vyama vingi, na swali la nani raia likawa swali la nani atapiga kura, nani atatawala, ardhi ni ya nani. Chuki ya mababu gani hiyo inayongoja ratiba ya uchaguzi?

Tatu: eti Banyarwanda ni "wageni wa jana". Wabelgiji walianza kuwaleta Masisi mwaka 1937, wakiwa na ofisi kabisa ya kazi hiyo. Aliyezaliwa huko mwaka uliofuata alikuwa na miaka 54 au 55 Ntoto iliposhambuliwa. Jana ndefu hiyo!

La mwisho, kwamba walioteswa ni kabila moja, kila upande unalisema ukijitaja wenyewe. Wahunde nao walichomewa vijiji na wanamgambo wa Kihutu. Mei 1996, Watutsi waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa humohumo. Na nyumba ya mama Muhunde na baba Muhutu waiweke safu gani? Mama aliweza kurudi kwa kaka zake. Watoto, kwa desturi, ni wa kabila la baba. Kwa wajomba walifika wakiwa maadui.