Lebo za Vyakula: Walaji Wadai Kwa Pamoja

Mafuta ya alizeti hayana lehemu, ile ambayo wengi huiita kolestro. Hayajawahi kuwa nayo ya kuhesabika, kwa kuwa lehemu hutoka kwenye vyakula vya wanyama: nyama, mayai, samli. Hata hivyo dumu la lita 5 hupambwa kwa moyo mwekundu na tangazo kwamba mafuta hayo hayana lehemu, kana kwamba yale yanayopimwa kwa chupa sokoni Singida yanayo. Maneno ni ya kweli, na hapo ndipo ulipo ujanja. Miongozo ya Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, huruhusu sifa ya namna hiyo pale tu inapodhihirika kuwa ni ya bidhaa zote za aina hiyo.

Mkate wa kahawia nao wakati mwingine hupata rangi yake kwenye karameli. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kikitajwa kwanza unga wa ngano bila neno “usiokobolewa”, huenda huo ni mkate mweupe uliotiwa rangi. Kwenye vinywaji, lebo hutaja sukari kwa mililita 100. Gramu 10 huonekana chache, lakini chupa ya nusu lita ni gramu 50, kikomo cha kutwa cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa anayekula kalori 2,000. Hesabu hiyo mnunuzi aifanye akiwa kwenye foleni, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi.

Juu ya hayo huja mitindo ya kula. Mwezi huu wanga ni adui, mwezi ujao inasifiwa chai ya kukata tumbo. Baadhi ya chai hizo zina sanamaki, dawa ya kuharisha; kinachopungua ni maji, wala si mafuta.

Mnunuzi mmoja mmoja hawezi kuyarekebisha haya kwa kuwa mwangalifu tu. Chile ililazimisha alama nyeusi za onyo mbele ya pakiti mwaka 2016, na hiyo ilikuwa kazi ya sheria. Tanzania Bara, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya kupewa taarifa. Vikoba, kamati za wazazi shuleni na vyama vya walaji vinaweza kupeleka malalamiko ya pamoja yenye picha ya lebo, namba ya toleo na risiti. Rasimu za viwango zinapotolewa kwa maoni, viwanda huwa na wataalamu wa kuzisoma. Walaji nao wawateue watu wao. Cha kudai kipo wazi: sukari na chumvi zitajwe kwa chupa au pakiti nzima, maonyo yawe mbele, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, na sifa ya bidhaa zote isiuzwe kama ya chapa moja.