Mashine ya Taka Ibuniwe Burma, Isiagizwe Ng'ambo

Mtu ajaye Soko la Burma alfajiri, kutoka Barabara ya Jogoo, hulakiwa na mlio wa mashoka kabla hajaiona nyama. Wachinjaji wamekwisha kumaliza kazi yao kwingineko. Hapa ni kupasua, kupima na kuuza. Soko hili limewalisha wakazi wa Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na mitaa mingine ya Eastlands kwa miaka mingi. Jina lenyewe ni la ile nchi ya Asia ambako askari wa Afrika Mashariki wa kikosi cha KAR walipigana mwaka wa 1944 na 1945. Leo kuna vita vingine hapo, navyo havina mbiu wala bendera. Ni vita kati ya binadamu na taka zake.

Ifikapo jioni, nyama huwa imekwenda nyumbani kwa watu. Hubaki mifupa, pembe, kwato, mafuta yaliyooza, manyoya ya kuku, majani ya kabeji na maganda ya ndizi. Sehemu ya mzigo huu huchukuliwa na malori. Sehemu nyingine husubiri mvua iibebe hadi mitaroni, na mitaro huishia katika mto ambao watu walio mbele yetu wanautumia.

Ndugu msomaji, malori hayo yaendako unakujua. Jaa la Dandora lilifunguliwa katika miaka ya sabini na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Hata hivyo malori hayakukoma kumwaga. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa. Mji wa Nairobi huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu ya taka hizo ni za vitu vinavyooza, yaani chakula cha udongo. Tunalipa malori yabebe mbolea yetu na kuigeuza sumu ya watoto wa wenzetu.

Dawa ya jambo hili imekuwa ikitajwa mara nyingi: mashine za kusaga na kukatakata taka. Naiunga mkono. Ninalopinga ni fikira kwamba mashine hizo lazima zitoke ng'ambo zikiwa zimefungwa ndani ya makasha.

Naijua taasisi moja, ambayo jina lake nalihifadhi, iliyoletewa mtambo kama huo. Siku ya uzinduzi palikuwa na hotuba na soda. Wiki ya tatu kipande cha chuma kilichokuwa kimejificha ndani ya taka kilivunja meno ya mtambo. Kipuri hakikupatikana nchini. Nilipopita hapo mara ya mwisho, kuku walikuwa wanataga ndani yake. Waliouleta hawakuwa wabaya, ila hawakuuliza ni taka gani zitakazotiwa humo, na ni nani atakayeutengeneza ukiharibika.

Kila mashine ina kwao. Mwaka wa 1927 mchora ramani za majengo mmoja wa mji wa Racine nchini Marekani, John Hammes, alibuni kifaa cha kusaga mabaki ya chakula chini ya karo la jikoni. Mabaki yakishasagika husukumwa na maji hadi katika mabomba ya majitaka. Ni uvumbuzi mzuri, lakini ni wa nyumba yenye maji ya bomba mchana na usiku, na ya mji wenye mabomba mapana yasiyoziba. Ukilete Eastlands, ambako mama hungoja maji kwa mtungi na mifereji hufurika kila msimu wa mvua, utakuwa umeongeza tatizo badala ya kulipunguza. Hammes alitazama jiko lake mwenyewe. Nasi tutazame soko letu.

Tukilitazama, tutaona jambo la kushangaza. Mwendo mfupi wa miguu kutoka Burma wapo mafundi wa Kamukunji. Hao ndio waliotembelewa na Rais Daniel arap Moi mwaka wa 1985, akaahidi wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua lililowapa jina. Serikali ikaandika Waraka wa Bunge Nambari 2 wa 1992 kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali. Wenzao wa jua kali, hapa Nairobi na katika miji mingine, huchomelea visiagi vya unga na mashine za kukatia nyasi za ng'ombe kwa vyuma vikuukuu. Kusaga na kukatakata ni kazi wanayoijua. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza swali jipya.

Swali lenyewe si jepesi, na hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapohitajika. Kisiagi cha mahindi kina nyundo zinazozunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, zikiponda punje kavu hadi zipite katika chekeche. Tia humo kabeji mbichi na chekeche litaziba papo hapo. Tia kamba ya nailoni ya kufungia magunia nayo itajizungusha kwenye mhimili hadi mota iungue. Taka mbichi za soko hazitaki kasi, zinataka nguvu: mihimili miwili iliyolazwa sambamba, yenye visu vya meno vinavyopishana, ikizunguka polepole na kurarua kila kinachoingia.

Je, nguvu hiyo itatoka wapi? Chukua mota ya kawaida inayozunguka mara 1,440 kwa dakika. Ipitishe katika gia zinazopunguza mwendo mara 24. Mhimili utazunguka mara 60 kwa dakika, na nguvu yake ya kusokota itaongezeka karibu mara 24, ukiondoa ile inayopotea kwa msuguano. Hesabu hiyo ni ya kidato, na gia zenyewe zinaweza kutafutwa katika magari yaliyokufa. Mwanafunzi anayeikokotoa ubaoni na fundi anayezitambua gia hizo kwa kuzishika mkononi wangekutana, nusu ya mashine ingekuwa imekwisha kupatikana.

Mtu atauliza: kwa nini kukatakata, ilhali kitu kitaoza chenyewe? Hebu tupige hesabu nyingine. Kipande cha mraba chenye sentimita 10 kila upande kina uso wa sentimita za mraba 600. Kikate katika vipande vya sentimita moja moja, nao uso utakuwa sentimita za mraba 6,000, yaani mara kumi. Vijidudu viozeshavyo hula kuanzia usoni, kwa hiyo meza yao imepanuliwa mara kumi. Lundo lililokatwa vizuri, lenye unyevu na hewa, hupata joto la nyuzi 55 na zaidi, joto ambalo likidumu kwa siku kadhaa huua viini vingi vya maradhi na mbegu za magugu. Lakini tusisage hadi taka ziwe uji, kwa maana uji hauna nafasi ya hewa, na pasipo hewa lundo hunuka na kudoda. Tazama basi: hata ukubwa wa kipande ni somo la sayansi.

Pamoja na sifa zote hizo, haifai tuifanye mashine kuwa mungu. Mashine husaga tu. Haitofautishi kizuri na kibaya. Waingereza walijifunza hilo kwa uchungu. Waliwalisha ng'ombe unga uliotokana na mabaki ya wanyama, na ugonjwa wa ng'ombe wazimu ukaenea, hata nyama yao ikapigwa marufuku kuuzwa nje mwaka wa 1996. Mifupa ya Burma inaweza kuwa mbolea yenye fosforasi na chokaa, mradi ipikwe kwa mvuke kabla ya kusagwa, na isirudishwe midomoni mwa ng'ombe. Vivyo hivyo, betri moja ikiingia pamoja na maganda ya ndizi, mboji yote imeharibika. Ukisaga taka zilizochanganyika, unapata taka laini na hakuna zaidi.

Kwa hiyo uvumbuzi wa kwanza si wa chuma. Ni wa mapipa mawili. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inatutaka sote, mashirika ya umma na ya kibinafsi, kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Mwuzaji aliye na kisu mkononi anaweza kutupa mfupa kushoto na karatasi kulia bila kupoteza wakati. Akiruhusu vichanganyike, hakuna mhandisi atakayevitenganisha kwa bei tunayoimudu.

Wapo watakaosema kwamba mashine itawanyang'anya riziki waokota taka. Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Lakini hakuna anayezijua taka kuliko watu hao. Wanaitambua plastiki kwa mlio wake na chuma kwa uzito wake. Kazi ya kuchambua taka kabla hazijaingia mashineni inawafaa wao kwanza, wakiwa na glavu, viatu na ujira unaojulikana, badala ya kupanda jaa linalofuka moshi. Wengine watahofia ajali, nao wana haki. Mashine inayorarua mfupa haitaacha kurarua mkono. Hivyo ubuniwe mdomo mrefu usiofikiwa na mkono, na swichi ya kuizima iwekwe mahali ambapo mtu aliyeshikwa anaweza kuigusa. Fundi asiyewaza kuhusu vidole vya atakayeitumia hajamaliza kubuni.

Anayedhani kwamba haya ni ndoto na amtazame Nzambi Matee. Mhandisi huyu wa hapa Nairobi aliunda mitambo ya kuchanganya taka za plastiki na mchanga ili kutengeneza matofali ya kutandaza njiani. Mwaka wa 2020 Umoja wa Mataifa ulimtunuku kama mmoja wa mabingwa vijana wa mazingira. Wala hakuanza na kiwanda. Alianza kwa majaribio yaliyomshinda, akarudia.

Walimu wenzangu, kila mwaka tunawapeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya sayansi na miradi iliyopambwa kwa karatasi za rangi. Mradi ukishapata cheti hutundikwa ukutani na kusahauliwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka wa 2019, unasifiwa kwa kusisitiza vitendo. Lakini vitendo vimekuwa, katika nyumba nyingi, ni mzazi kutumwa usiku kutafuta gundi na manila. Mfumo wa 8-4-4 nao ulianza mwaka wa 1985 kwa kusifia useremala na ufundi wa chuma, kisha karakana zikageuzwa madarasa. Tusiposhtuka, tutazika mtaala wa pili katika kaburi lilo hilo.

Pendekezo langu ni jepesi. Shule za Eastlands na zichague soko, na Burma iwe ya kwanza. Wanafunzi wapime kwa mizani, kwa juma moja, taka za kila aina zinazotoka humo, kwa sababu mashine hubuniwa kwa kilo zinazojulikana. Kisha waende Kamukunji na michoro yao, wamsikilize fundi atakapowaambia kwamba chuma hiki kitapinda na kile kitakatika. Vyuo vya ufundi na taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, vipime nguvu na usalama wa kile kitakachoundwa. Serikali ya kaunti itoe kipande cha ardhi pembeni mwa soko na kuahidi kununua mashine ya kwanza itakayofaulu. Ahadi hiyo ingewafaa mafundi kuliko semina kumi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tuliosoma tumeuogopa mvungu huu kwa sababu unanuka. Tumewaachia mama wa soko, mwokota taka na mtoto wa Dandora waishi nao, huku tukiwafundisha watoto wetu kanuni za nguvu na mwendo kana kwamba ni habari za mwezini. Muhula ujao darasa moja na livuke Barabara ya Jogoo likiwa na mizani na daftari. Harufu ya Burma haijamwua mwanafunzi yeyote, lakini risasi imekwisha kuonekana katika damu ya watoto wa Dandora.