Kadi za ndege Marekani: Begi la bure ni la Orlando, safari ya nyumbani ina hesabu nyingine

Tangu Mei 28, 2025, anayekata tiketi ya kawaida ya Southwest nchini Marekani analipia mabegi. Kwa miaka mingi shirika hilo lilijitangaza kwa mabegi ya bure. Siku hiyo ikafika bei: dola 35 begi la kwanza, dola 45 la pili.

Lakini wakaacha mlango mmoja wazi. Ukiwa na kadi ya mkopo ya Southwest, begi la kwanza hulilipii, na hata watu wanane mliokata tiketi pamoja nawe hawalilipii.

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Mashirika makubwa ya Marekani hayauzi viti tu, yanauza maili kwa mabenki, na mabenki yanakugawia wewe kila unapochanja kadi. Delta peke yake ilipokea takriban dola bilioni 7.4 kutoka American Express mwaka 2024. Kwa hiyo shirika likikutoza begi kwa mkono mmoja na kukupa kadi ya kufuta ada hiyo kwa mkono mwingine, usidhani ni huruma.

Familia zetu zilizoko Minneapolis, Columbus, Dallas au Seattle zinalijua tangazo hili vizuri. Ndege iko angani, watoto ndiyo kwanza wamelala, mhudumu anapita na fomu: chukua kadi, upate maili 60,000. Baba anamtazama mama. Maili elfu sitini si ndiyo Nairobi hiyo?

Si Nairobi. Na kama uko Nairobi au Dar unasoma hii, inakuhusu pia, maana ndiyo hesabu anayopiga ndugu yako kabla ya kukwambia "mwaka huu tunakuja wote".

Anza na ndege inayotua nyumbani

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuanza na bonasi. Wanalinganisha nani anatoa maili 50,000 na nani anatoa 80,000, basi. Mimi ningeanza upande wa pili: ndege gani itakushusha JKIA, Dar, Kilimanjaro au Entebbe?

Hakuna shirika la Marekani linalopeleka ndege yake kwenye viwanja hivyo. Delta ilikaribia sana. Juni 2009 ilikuwa ianze safari ya Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar, mamlaka ya usalama ya Marekani ikaizuia dakika za mwisho. Watu walisubiri hadi Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York.

Kwa hiyo kwenda nyumbani ni Kenya Airways, au Ethiopian kupitia Addis Ababa, au Qatar kupitia Doha, au KLM kupitia Amsterdam, au Turkish, au Emirates. Kadi ya Marekani inakusaidia pale tu shirika lake lina urafiki na mojawapo ya hayo. United iko Star Alliance pamoja na Ethiopian na Turkish. Delta iko SkyTeam pamoja na Kenya Airways, KLM na Air France. American iko oneworld pamoja na Qatar. Emirates haimo katika miungano hiyo mitatu. Southwest nayo ni nzuri kwa kwenda Florida, ila kwa Mombasa maili zake hazikufikishi.

Sasa lile begi la bure. Tiketi nyingi za Marekani kwenda Afrika Mashariki tayari zinakuja na mizigo ndani yake. Kenya Airways na Ethiopian kwa kawaida humpa abiria wa daraja la kawaida mabegi mawili ya kilo 23 kila moja. Ukibeba kadi kwa sababu ya begi la bure, kwenye safari ya nyumbani umelipia kitu ulichokuwa nacho. Kadi maarufu ya American inayotolewa na Citi, ile ya Platinum Select, inaeleza wazi: begi la bure ni kwa safari za ndani ya Marekani, kwako na watu wanne mlio pamoja. Cheti cha msafiri mwenza kinachokuja na kadi ya Delta Platinum, yenye ada ya dola 350 kwa mwaka, kinafika Mexico, Karibi na Amerika ya Kati. Afrika hakifiki. Halafu ni cha mtu mmoja. Mkiwa watano, wengine bado wanalipa.

Hii haina maana kwamba kadi hizi ni utapeli. Familia ya watu watano inayoruka na Delta kwenda Orlando, kila mtu na begi lake, kwa dola 35 kila upande inalipa dola 350 za mabegi. Kadi ya Delta Gold ina ada ya dola 150 kwa mwaka (ilipandishwa kutoka 99 mwaka 2024), na begi la kwanza ni bure kwa mwenye kadi na wengine hadi wanane. Safari moja tu, ada imerudi na chenji juu. Kadi ya United Explorer nayo ni dola 150, lakini inafuta begi la mwenye kadi na mtu mmoja tu, tena mpaka uwe umelipia tiketi kwa kadi hiyo hiyo. Kwa mke na mume sawa. Kwa watu na watoto watatu, hapana.

Kama mnaruka ndani ya Marekani walau mara moja au mbili kwa mwaka, chukua kadi ya shirika linalotawala uwanja wenu na uhesabu vichwa. Hapo hakuna siri nyingine.

Viti vitano, ndege moja, Desemba

Safari ya nyumbani ndiyo ngumu. Tuseme tiketi moja ya kwenda na kurudi inadai maili 80,000. Watu watano ni maili 400,000. Umepata bonasi ya 60,000, imebaki 340,000. Kadi nyingi za ndege hutoa maili moja kwa kila dola ya matumizi ya kawaida. Nani kati yetu anapitisha dola 340,000 za unga, mafuta na umeme kwenye kadi?

Hata ukiwa nazo, kuna suala la viti. Mashirika hutoa viti vichache vya maili kwa kila ndege, na vya washirika ni vichache zaidi. Kiti kimoja kwenda Addis wiki ya tatu ya Desemba unaweza kukikuta. Vitano kwenye ndege moja, shule zimefungwa na kila Mkenya na Mtanzania anaelekea kwao, utatafuta hadi macho yaume. Wengine hugawana: mama na wawili leo, baba na mmoja kesho kutwa. Inawezekana, ila jiulize mapema kama uko tayari kulala Doha na mtoto wa miaka minne.

Na neno "bure" lichunguze. Tiketi ya maili bado ina kodi, na baadhi ya programu huongeza tozo za shirika zinazofika mamia ya dola. United haitozi tozo hizo kwenye tiketi za washirika wake. Flying Blue, ambayo ni programu ya Air France na KLM, inatoza. Zidisha kwa watano ndipo utaona tofauti.

Pamoja na hayo, Flying Blue ina kitu ambacho sijaona kikizungumzwa vya kutosha kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Mtoto wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa robo ya maili kwenye ndege za Air France na KLM. Kama mtu mzima anadaiwa 60,000, mtoto ni 45,000. Kwa watoto watatu umeokoa 45,000, yaani tiketi nzima ya mmoja wao. Zaidi ya hapo, wazazi wawili na watoto hadi sita wanaweza kuweka maili zao kwenye mfuko mmoja.

Kufika huko huhitaji kadi ya shirika la ndege hata kidogo. Kadi kama Chase Sapphire Preferred au Capital One Venture, kila moja dola 95 kwa mwaka, zinakusanya pointi za benki ambazo unazihamishia Flying Blue siku ukishaona viti. Chase inahamisha pia kwenda United, hivyo mlango wa Ethiopian unabaki wazi. Nyumbani kunafikiwa kwa njia nyingi na bei zinabadilika kila wiki, kwa hiyo mimi nazipenda zaidi pointi zinazosubiri kuliko maili zilizokwisha fungwa kwa shirika moja. Kasoro moja: ukishahamisha, hazirudi. Tafuta viti kwanza.

Na kama mnaenda nyumbani kila baada ya miaka mitatu au minne tu? Hapo achana na maili. Kuna kadi zisizo na ada zinazorudisha asilimia 2 ya matumizi kwa pesa taslimu. Familia inayopitisha dola 30,000 kwa mwaka inapata dola 600, miaka mitatu dola 1,800. Haina mbwembwe, lakini dola hizo zinakata tiketi ya Emirates, Turkish au yoyote iliyoshuka bei siku hiyo, bila kusubiri kiti cha maili. Ila ukishatua, usiichanje ovyo: nyingi za kadi hizi hutoza kama asilimia 3 kwa malipo ya nje ya Marekani. Kadi nyingi za ndege hazitozi. Na kama yako ni American Express, beba Visa au Mastercard ya akiba, maana madukani kwetu Amex mara nyingi haipokelewi.

Pesa ya kutuma nyumbani

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sisi kuliko wengine. Mtu ana kadi mpya, anatakiwa atumie dola 3,000 ndani ya miezi mitatu ili apate bonasi. Anafikiria: si kila mwezi namtumia mama pesa? Ngoja niitume kwa kadi, nipate maili.

Benki nyingi zinahesabu muamala huo kama kutoa pesa taslimu kwa mkopo. Maana yake unatozwa ada, mara nyingi kama asilimia 5, riba inaanza siku ile ile, na maili hupati hata moja. Mama amepokea, bonasi haijasogea, deni limeongezeka.

Riba yenyewe ndiyo inayomaliza watu. Wastani wa riba za kadi za mkopo Marekani umekuwa juu ya asilimia 20 miaka hii, na kadi za ndege mara nyingi ziko juu ya hapo. Ukibeba deni la dola 4,000 kwa mwaka mzima kwa asilimia 22, riba inakaribia dola 880. Matumizi hayo yalikupa maili 4,000, ambazo ukizipima kwa senti moja kila moja ni dola 40. Kwa anayelipa deni lote kila mwezi, kadi ni kifaa. Kwa asiyeweza mwaka huu, labda kwa sababu ya karo au matibabu ya mzee, jibu langu kwake ni asichukue yoyote, hata kama bonasi ni laki.

Mambo ya watoto

Fungulia kila mtoto akaunti ya maili kabla ya kuruka, ni bure. Familia nyingi zinanunua tiketi tano za Kenya Airways kwa pesa zao na kukusanya maili za baba peke yake. Maili za watu wanne zinapotea hewani. United inaruhusu watu hadi watano kuchanganya zao tangu 2024, hivyo vidogo vidogo vya watoto vinaweza kuwa kitu.

Mtoto wa chini ya miaka 2 anayekaa mapajani kwenye safari ya kimataifa kwa kawaida hulipiwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, hata kama mama yake anasafiri kwa maili. Aeroplan ya Air Canada, ambayo nayo inakata viti vya Ethiopian, inataka pointi 2,500 tu au dola 25 za Canada. Akitimiza miaka 2 mkiwa bado kwa bibi, kurudi atahitaji kiti chake mwenyewe. Wengi wanashtukia kwenye kaunta.

Kuna jambo moja ambalo maili zinalifanya vizuri kuliko pesa. Tiketi ya maili iliyokatwa United, Delta au American kwa safari inayoanzia Marekani unaweza kuifuta kabla ya kuondoka na maili zikarudi bila faini, isipokuwa aina chache za bei ya chini kabisa. Msiba ukiita, hakuna anayekaa kulinganisha bei. Hata familia inayonunua tiketi zote kwa pesa, ningeishauri iweke kando maili za mtu mmoja kwenda na kurudi na isiziguse kwa ajili ya likizo.

Washington nako kuna mjadala. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ilianza kuzichunguza programu za maili za American, Delta, Southwest na United, ikitaka kujua thamani ya maili inashushwaje baada ya mtu kuzikusanya. Na maseneta Dick Durbin na Roger Marshall wamekuwa wakisukuma tangu 2022 muswada wa kupunguza ada ambazo maduka hulipa kila kadi inapochanjwa. Ada hizo ndizo zinazolipia bonasi, ndiyo maana mashirika ya ndege yanaupinga vikali. Ukipita, ofa za maili 60,000 zinaweza kupungua. Kwa hiyo maili ulizonazo za safari ya likizo usizitunze miaka kumi ukisubiri wote watano mpate nafasi. Mpeleke hata mmoja akamwone bibi.