Ripoti 18 Zisizowasilishwa

Dawa nyingi za kuua magugu ya majani mapana hufanya kazi kwa hila. Huiga kichocheo kinachoongoza ukuaji wa mmea. Gugu hukua ovyo, hujipinda na kufa, ilhali nyasi husalimika. Ndiyo sababu mkulima aweza kunyunyiza 2,4-D katika shamba la mahindi, ambayo nayo ni jamii ya nyasi, bila kuyaangamiza.

Mwaka 2010 kampuni ya DuPont ilipata kibali nchini Marekani cha kuuza dawa mpya ya aina hiyo, aminosaiklopiraklo, kwa jina la Imprelis. Ilikusudiwa bustani za nyasi na viwanja vya gofu. Ilisifiwa kwamba hutumika kwa kiasi kidogo na kwamba sumu yake kwa binadamu ni hafifu, na sifa hizo hazikuwa za uongo. Lakini mwaka 2011 misindano na miti ya jamii yake iliyosimama kando ya nyasi zilizonyunyiziwa ilianza kujipinda ncha, ikawa ya rangi ya kahawia, na mingi ikafa. Mti wenye majani membamba kama sindano ulikuwa umenyonya kwa mizizi dawa iliyokusudiwa majani mapana! Agosti mwaka huo Shirika la Serikali la Hifadhi ya Mazingira likaamuru mauzo yasimamishwe.

Hadi hapo mtu angeweza kusema ni bahati mbaya, maana dawa ilikuwa ngeni. Mwaka 2014, hata hivyo, Shirika lilidai kwamba kampuni ilipokuwa ikiomba kibali haikuwasilisha ripoti 18 zilizohusu madhara yanayoweza kutokea. Taarifa za miti iliyoharibika zilikwisha kuzidi 7,000. Kampuni ilikubali kulipa faini ya dola 1,853,000, mbali na fidia kwa wenye miti.

Afisa anayeandikisha dawa, awe Washington au kwingineko, huamua kwa kutegemea karatasi anazoletewa na muuzaji mwenyewe. Utaratibu huo ni wa hatari, hasa kwa dawa ambayo watafiti huru hawajapata nafasi ya kuichunguza. Mwombaji hana budi kulazimishwa kisheria kuwasilisha majaribio yote, pamoja na yale yaliyomwaibisha, na mtaalamu asiyelipwa na kampuni ayarudie katika udongo wa mahali dawa itakapotumika, kabla dumu la kwanza halijafunguliwa.