Msaada wa Kodi Uje Kabla Mtu Hajahama



Chama cha wanafunzi wa zamani hutupa vitabu na mabati, nasi twashukuru. Lakini naleta shauri jingine: sehemu ndogo ya fedha hizo itengwe kwa kulipia kodi ya nyumba ya mzazi aliyepatwa na shida ya ghafula.

Hapa Kampala jamaa nyingi hukaa katika chumba kimoja, ambacho twakiita muzigo, na kodi hulipwa kwa mwezi. Baba akiugua, au pikipiki yake ikivunjika, majuma matatu bila kazi yatosha kumwangusha. Ni kweli Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 yakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Lakini sheria haimlipii mtu deni, na wako wanaohama usiku kwa aibu kabla ya kushtakiwa. Tena wengi hawalali barabarani. Huenda kwa shangazi, au hurudi kijijini, basi hakuna anayewahesabu. Sisi twaona dawati tupu katikati ya muhula tu.

Katika mji wa Chicago, Marekani, mtu aliye karibu kukosa nyumba aweza kupiga simu kuomba msaada wa mara moja. Fedha hazikuwapo kila siku. Wataalamu Evans, Sullivan na Wallskog wakalinganisha waliopiga zikiwapo na waliokuta zimekwisha, tangu 2010 hadi 2012. Mwaka 2016 walieleza katika gazeti la Science kwamba wale wa kwanza walipungua kwa asilimia 76 katika kuingia makao ya wasio na nyumba kwa muda wa miezi sita. Msaada wenyewe haukuzidi dola 1,500.

Wabishi wana neno lao, na si la kupuuzwa. Hata waliokosa fedha, walioingia makao hayo walikuwa kama 2 tu kati ya 100. Waliobaki walijikokota wenyewe. Kwa hiyo kumwokoa mmoja kuligharimu karibu dola 10,300. Hasara hiyo yatoka katika kutojua nani hasa yu ukingoni. Lakini mwalimu wa darasa ajua! Amwona mtoto aliyeanza kuchelewa, asiyekuja na chakula, anayeuliza habari za uhamisho.

Wengine wataogopa udanganyifu. Basi fedha zisipitie mkononi mwa mzazi wala mwanafunzi, apewe mwenye nyumba kwa stakabadhi. Ziwe za mwezi mmoja au miwili, na mzazi aonyeshe jinsi atakavyolipa mwezi utakaofuata. Majina yasisomwe barazani. Mwalimu mmoja na wanachama wawili waishio mjini waweza kuamua kwa siku tatu. Kamati kamili hukutana mara moja kwa muhula, na hapo chumba kina mpangaji mwingine.