Mbwa Afunzwe Kabla ya Kutolewa Nje
Anayefuga mbwa mjini hana budi kumfunza adabu kabla ya kumtoa nje ya lango. Mtoto wa mbwa huzoea watu, magari na kelele kwa urahisi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kipindi ambacho wengi humfungia bandani ili awe mkali, wakidhani, kimakosa, kwamba mbwa mwenye hofu ndiye mlinzi bora.

Mbwa mwenye hofu hung'ata kwa urahisi, na kichaa cha mbwa, yaani ugonjwa wa virusi ambao dalili zake zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa, humfikia binadamu hasa kwa kung'atwa na mbwa. Safarini nako, mbwa asiyezoeshwa kamba wala kizimba huhatarisha abiria.

Wanaotoa leseni za mbwa wadai uthibitisho wa mafunzo sambamba na chanjo, tena bila kuchelewa.