Ahadi Haifutwi Siku ya Ajali



Lipo tendo katika biashara ya bima, ile tunayoiita asiransi, ambalo yafaa likemewe waziwazi. Mwenye gari hulipa mchango wa mwaka mzima. Miezi inapita bila ajali, na kampuni inazipokea fedha zake bila swali. Siku gari linapomgonga mpita njia, naye anapopeleka madai, barua inamjia: mkataba umefutwa.

Watetezi wa tendo hilo husema kwamba mkataba wenyewe unaruhusu kufutwa. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kufuta mkataba kwaweza kufunga mlango wa kesho. Hakuwezi kuibatilisha jana. Ajali iliyotokea bima ikiwa hai ni deni lililokwisha kuzaliwa. Sheria yetu ya mikataba, iliyoandikwa tangu 1888, yasema kwamba mapatano halali ni sheria kwa walioyafanya, na kwamba yatimizwe kwa nia njema. Wazee walisema kwa ufupi zaidi: ahadi ni deni. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410, inafundisha kwamba ahadi zishikwe na mikataba iheshimiwe, mradi mapatano yenyewe ni ya haki.

Ni kweli, mwenye gari aliyedanganya kuhusu gari lake, au asiyelipa mchango, asijitetee kwa uongo. Lakini kosa lake lionyeshwe kwa ushahidi. Anayepokea mchango miezi minane bila kuuliza neno, kisha akaanza uchunguzi siku ya kulipa, hatafuti ukweli. Anatafuta njia ya kutorokea.

Wengine kati yetu watasema: Mkristu mwema hunyamaza na kumwachia Mungu. Watamtaja Mtakatifu Paulo, aliyewakemea Wakorinto kwa kushtakiana. Paulo aliwakemea ndugu waliodhulumiana, hakuibariki dhuluma. Yeye mwenyewe, haki yake ilipokuwa hatarini, alikata rufani kwa Kaisari. Zaidi ya hayo, haki inayodaiwa hapa si ya mwenye gari peke yake. Katika nchi yetu bima ya gari ni ya lazima kisheria tangu 1973, nayo yamlinda yule anayeumizwa: mama muuza makaa, mwanafunzi anayerudi nyumbani. Ukinyamaza, unasamehe deni lisilo lako.

Basi, tudai kwa utaratibu, bila matusi wala rushwa. Tutunze risiti, hati ya bima yenye tarehe zake, na taarifa ya polisi. Tuiandikie kampuni ieleze sababu kwa maandishi, nasi tubaki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ikikaa kimya, Kanuni ya Bima ya 2015 imeweka mamlaka ya kuzisimamia kampuni hizo, yaani ARCA; malalamiko yapelekwe huko. Asiyejua kuandika barua asaidiwe na kijana aliyesoma. Elimu yenu ni ya kazi kama hiyo.

Zaburi ya 15 inamhesabu kati ya wakaaji wa hema ya Mungu yule asiyegeuza kiapo chake hata kikimtia hasara. Kampuni ya bima huuza kiapo cha namna hiyo, na bei yake imekwisha kulipwa. Tuidai itimize.